Mwaa wa Rangi ya Jua

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nani?

Pakawa dada na mdogo wake, na zimwi lililoapa.

Mize alikuwa mtia rangi miyaa, yale majani ya mkindu yanayosukiwa mikeka. Miyaa yake iling'aa kupita ya wenzake wote, naye hakuamini kwamba kuna rangi isiyotoka chunguni.

Siku moja mdogo wake, Mwanakombo, alikwenda kukata mkindu, zimwi likammeza mzima mzima. Mize akalifuata hadi pangoni, akalisihi. Zimwi likaapa kwa jina la mama yake: likiletewa mwaa wenye rangi ya jua, litamtapika binti; lakini Mize akikosa mara tatu, litammeng'enya. Saa ya kupima litaichagua lenyewe.

Kutoka tumboni Mwanakombo akasema, "Dada, fanya hima. Humu mnanuka beberu."

Basi, Mize akapika rangi, akaleta mwaa wa manjano. Zimwi likangoja machweo, jua likawa jekundu kama kaa la moto.

"Mwaa huu si wa rangi ya jua," likasema.

Akarudi, akapika tena, akaleta mwaa mwekundu. Zimwi likachagua adhuhuri, na jua lilikuwa jeupe.

"Mwaa huu si wa rangi ya jua."

Kila rangi ilikuwa na saa yake, na saa ilikuwa ya zimwi.

Mize akaketi jikoni mbele ya chungu, asijue atie nini. Kuni mbichi zikafuka. Akautazama moshi kwa ubavu, penye ukuta mweusi, akauona wa buluu. Mwali wa jua ukapenya tundu la paa, ukaukata moshi, ukaangukia miyaa iliyoanikwa, ambayo haijatiwa rangi. Moshi ulipokuwa mwembamba, miyaa ilibaki myeupe. Moshi ulipokuwa mzito, miyaa ikawa myekundu.

Basi akaelewa. Jua halibadiliki. Adhuhuri nuru hushuka wima, ikapita hewa kidogo. Jioni huja kwa mshazari, ikapita hewa nyingi. Hewa huitawanya buluu njiani, na wekundu ndio unaofika. Buluu iliyotawanywa ndiyo inayojaa angani.

Siku ya tatu akaleta mwaa mweupe, mkavu, usiojua chungu. Zimwi likacheka.

"Bibi mtia rangi, leo moto ulikuzimikia?"

"Chagua saa," akajibu Mize.

Likachagua machweo. Jua likawa jekundu. Na mwaa, ulipoinuliwa katika nuru ile, ukawa mwekundu vilevile. Zimwi likautazama mara moja, mara mbili, mara tatu. Likataka kungoja adhuhuri. Wakangoja. Jua likawa jeupe, na mwaa ukawa mweupe.

"Mwaa huu si..." likaanza, na kiapo kikalikaba koo.

Mwanakombo akatoka akikohoa, akamuuliza dada yake kwa nini hakuleta mweupe tangu siku ya kwanza. Mize akaitazama mikono yake iliyojaa rangi. Nyuma yao zimwi likayeyuka, likawa moshi. Aliyeutazama kwa ubavu aliuona wa buluu. Aliyelitazama jua kupitia moshi ule aliliona jekundu.

Hadithi yangu inakomea hapo, sina cha kuongeza ila funzo lake: kabla hujasema kitu kina rangi gani, uliza kimepita wapi hata kikakufikia.