Mkanda Uliopakwa Sabuni

Ndugu zangu, nimeyaona matoleo yenu hapa mbele. Tangawizi, maharage, mikungu ya ndizi, na yule jogoo aliyefungwa mguu ambaye amenikatiza mara mbili nikisoma Neno. Tunamshukuru Mungu kwa mavuno haya. Lakini kabla hatujaendelea kushukuru, nina jambo la injini. Msicheke. Mimi shule niliishia darasa la sita, nalo nililisoma mara mbili kwa kulipenda, lakini gari likikohoa ng'ambo ya mlima huu naweza kukwambia lina ugonjwa gani na dereva wake amekula nini asubuhi.

Basi, alikuwepo mtu mmoja mwenye pikapu kuukuu ya dizeli, akishusha tangawizi mjini. Pikapu hiyo ilikuwa na mkanda unaolia. Mkanda mnaujua: ule mpira mweusi mbele ya injini, unaozunguka na kuzungusha vyombo vingine. Kila akiwasha asubuhi, wiiiii! Kuku wa vitongoji vitatu walikimbilia uvunguni wakidhani mwewe kaja na ukoo wake wote. Shuleni waliacha kupiga kengele, watoto wakaingia darasani kwa mlio wa pikapu. Mbona mnanitazama hivyo? Nasema niliyoyasikia kwa masikio yangu, na masikio yangu hayajawahi kusema uongo. Mdomo ndio sina hakika nao.

Sasa, mtu yule alikuwa na mama mkwe. Macho ya mama huyo yalikuwa yamefunga utando, na huo ulikuwa mwaka wa tatu anawatambua wajukuu kwa kuwapapasa vichwa. Ikaja habari kwamba madaktari wa macho watakuwa hospitali ya huko chini kwa siku moja tu, na mwisho wa kupokea wagonjwa ni saa sita mchana. Mkwe akasema, "Mama nitamshusha mimi mwenyewe." Alisema vizuri. Kisha akaikumbuka ile kelele, aibu ikamshika. Ampakie mama mkwe kwenye gari linalolia kama nguruwe aliyeshikwa sikio? Ninyi wanaume wa huku mnaijua heshima ya ukwe. Mtu anavua kofia hata akipita mbele ya kanga za mama mkwe zilizoanikwa.

Je, alikwenda kwa fundi? Hakwenda. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akafungua boneti, akausugua mkanda ule upande wa ndani mpaka ukang'aa. Akawasha. Kimya! Akajipongeza, akalala usingizi wa mtu aliyefaulu mtihani.

Asubuhi saa mbili wakapanda. Yeye kwenye usukani, mama mkwe dirishani, mke katikati, maana mkwe na mama mkwe hawagusani mabega. Wakaenda vizuri mpaka karibu na ule mteremko mkubwa, pale penye vibanda vya mafundi. Mama akainua uso.

"Mwanangu," akamwambia binti yake, kwa kuwa hakutaka kumsemesha mkwe moja kwa moja, "mwulize mwenzio. Lile gari lililokuwa likilia ndilo hili?"

"Ndilo, mama."

"Mbona limenyamaza?"

Mke akamtazama mume. Mume akatazama barabara. "Mwambie mama limepona."

"Limepona kwa fundi gani?"

Mume akabadili gia.

"Mwulize basi, amelitibu au ameliziba mdomo?"

Ndugu zangu, mama yule alikuwa haoni hata mkono wake mwenyewe! Mkwe jasho likamtoka mpaka kwenye soksi.

"Mwambie mama tutachelewa. Saa sita wanafunga."

"Mwambie mimi nimekaa gizani miaka mitatu, saa moja hainitishi. Asimamishe. Au nishuke nipapase njia nirudi nyumbani."

Ni mkwe gani atakayekubali habari hiyo ifike kijijini? Akasimamisha.

Fundi akafungua boneti, akainama, akacheka. "Mzee, nani kakupikia uji humu?" Ile sabuni ilikuwa imetoa povu na kukaukia kila mahali. Fundi akausafisha mkanda, akawasha. Wiiiii! Akaunyunyizia maji kidogo. Ukazidi kulia.

"Unateleza," fundi akasema.

"Kama unateleza, ukaze tu twende. Nina mgonjwa."

"Nikikaza kabla sijajua kwa nini unateleza, nitakuwa nimeukata mimi." Akazima gari, akautoa mkanda, akaanza kuvizungusha kwa mkono vile vyombo vinavyozungushwa nao, kimoja kimoja. Pampu ya maji ikazunguka laini. Alteneta, ile inayochaji betri, ikakwaruza kama jiwe la kusagia, ikagoma. "Mgonjwa wako huyu hapa. Beringi imekufa. Kitu kinakataa kuzunguka, mkanda unalazimishwa kukivuta, usilie? Mkanda haukuwa mbaya, mzee. Ulikuwa unakwambia. Sasa tazama." Akaukunja. Umejaa nyufa, umebakia nyuzi.

"Sawa, ungekatika," mkwe akasema. "Si ningeshuka polepole?"

"Polepole kwa breki ipi? Dizeli hizi za zamani, pampu inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa hiyo hiyo alteneta. Mkanda ukikatika, utakanyaga breki kama unakanyaga ukuta. Na kona ya kwanza ile pale. Bonde lake unaliona?"

Mtu yule akalitazama bonde. Akamtazama mkewe, akamtazama mama aliyekaa dirishani anasikiliza. Akaketi chini kwenye tairi bovu.

Fundi akatafuta beringi, akafunga mkanda mpya, akapima ukazo wake kwa kidole gumba. Wakashuka mlima. Breki zikashika kona zote. Walifika hospitali mlinzi ameshashika komeo la mlango, na ashukuriwe Mungu, mlinzi naye alikuwa na mama. Mama akapasuliwa macho siku hiyo hiyo, na kesho yake, wajukuu wakiwa wameletwa, bandeji zikafunguliwa. Mama akawatazama wajukuu. Halafu akamgeukia mkwe, na kwa mara ya kwanza hakumpitishia binti maneno.

"Asante kwa kunileta, baba. Kumbe u mfupi hivi?"

"Mama, mimi ndiye wa kushukuru. Umetuokoa wote."

"Usinipe sifa yote. Kuna kitu kilikupigia kelele mwezi mzima bila kuchoka, nawe ukakilisha sabuni."

Ndugu zangu, sisi tunamshukuru Mungu kwa nini? Kwa mvua, kwa shamba, kwa watoto. Vyema. Lakini ni nani hapa aliyewahi kupiga magoti akasema, Bwana, nakushukuru kwa mke wangu anayenisema? Nakushukuru kwa jirani aliyenigombeza kwa ajili ya pombe? Hatushukuru. Tunawaita wenye kelele. Kumbe wao wanavuta kitu kizito tulichokataa kukiangalia, nasi tukiona wamenyamaza tunasema amani imekuja.

Mnacheka. Sasa acheni kucheka.

Mkutano wa mwezi uliopita mama mmoja alisimama hapa hapa akasema ukuta wa chumba cha Shule ya Jumapili una ufa. Tukasema tumesikia. Akasimama tena, akasema ufa huo jana uliingia kidole, leo unaingia mkono. Tukamwambia ajenda ni mavuno. Akasimama mara ya tatu. Ni nani aliyesema, "Wapendwa, tuinamishe vichwa tuombe"? Mimi. Ile haikuwa sala. Nilijua mama huyo, Mama Nakijwa, ana adabu, hatasema nikiwa nimefumba macho. Nikaomba kwa kirefu, nikaomba mpaka akakaa. Mlinisifu kwamba siku ile niliomba vizuri.

Mungu anisamehe. Na nampa shukrani kwamba siku zote hizi ule ukuta umesimama, si kwa akili yangu.

Hamwasikii? Watoto wanaimba. Wako ndani ya chumba kile sasa hivi.

Mzee wa kanisa uliye mlangoni, nenda uwatoe wote, taratibu, uwapeleke uwanjani. Sadaka itasubiri. Baraka nitaitoa nje. Mama Nakijwa, simama, mama yangu. Nakushukuru mbele ya watu wote hawa. Tangulia, utuonyeshe ufa huo ulipo.