Wimbo Uliopita Kinuni

"Wimbo haufiki ngomani bila kupita kinuni."

Maneno hayo Tunu alitupiwa na mpiga ngoma mchana wa mazoezi, mara tu alipomaliza kuwasomea wenzake wimbo wake wa kurasa mbili. Wenzake wakacheka. Tunu hakucheka. Alikwenda hadi kwenye cherehani ya Bibi Chano, mshoni wa mavazi ya kikundi, akamwuliza kinu na wimbo vina undugu gani. Wengine wakamfuata, maana walikuwa wamecheka bila kujua walichokicheka.

Bibi Chano akakata uzi kwa meno. "Methali hiyo imezaliwa na binti mmoja na debe la mpunga," akasema. "Kaeni niwaambie."

Zamani huko Mkwajuni aliishi binti aitwaye Sikudhani, aliyetaka jambo moja tu maishani: kuwa mtunzi. Kuimba hakukumhusu. Sauti yake ilikuwa kavu kama kifuu. Alichotaka ni kutunga, wengine waimbe, na watu wakiulizana wimbo ni wa nani, litajwe jina lake.

Siku zile kila kundi la ngoma lilikuwa na mtunzi mmoja, na akishapatikana hakubadilishwa ovyo. Kundi la Manju Mwinjuma, kiongozi wa ngoma, lilikuwa limefiwa na mtunzi wake. Wawili wakajitokeza kukitaka kiti kile: Sikudhani, na Kombo wa ng'ambo ya mto, ambaye baba yake na babu yake walikuwa watunzi.

Manju akamwambia Sikudhani, "Mwanangu, mimi sisomi karatasi. Wafundishe waitikiaji wangu wimbo wako. Ijumaa wataitikia mbele ya watu. Wakiitikia bila kusita, kiti ni chako. Wakisita mara moja tu, nampa Kombo, na usinililie."

Sikudhani akatunga siku tatu. Alikuwa amesoma vitabu vyote vya mjomba wake, na kila neno zuri aliloliokota humo alilipa nafasi. Wimbo ulianza hivi:

*Umeniacha na nani, ewe mahabubu wangu mwenye jamali isiyo kifani,*
*mlango bila komeo, nami dhaifu mithili ya jani la mgomba mbele ya tufani.*

Akawafundisha waitikiaji watatu, Mashavu, Mwanamkuu na Binti Sefu, mpaka wakaushika wote. Akarudi kwao kifua mbele.

Jumatano alipita nyuma ya nyumba ya Binti Sefu, akasikia michi ikilia na wanawake wakiimba. Akasimama. Ulikuwa wimbo wake, lakini haukuwa wake:

*Umeniacha na nani,*
*mlango bila komeo.*

Basi. Mahabubu hayupo. Jamali haipo. Tufani nzima imetoweka na jani lake la mgomba!

Sikudhani akaingia uani bila hodi. "Nani ameukata wimbo wangu?"

Wanawake wakatazamana. Mwanamkuu akasema, "Mimi nimeupokea hivi kwa Mashavu."

"Na mimi kwa Binti Sefu," akasema Mashavu, "jana, tukitwanga wa harusi."

"Mwongo wewe!" Binti Sefu akacheka. "Mimi nimeupata kwa huyu huyu Mwanamkuu."

Hapakuonekana mkasi wala mkataji. Hapo hasira ya Sikudhani ikaanza kupoa, na mahali pake pakaingia udadisi. Watu watatu wanawezaje kukosea neno lile lile, mahali pale pale, kila mmoja akiapa kwamba si yeye?

"Niimbieni basi kama nilivyowafundisha," akasema.

Wakaketi wakamwimbia wimbo wote, neno kwa neno. Hawakuwa wamesahau hata herufi.

"Sasa kwa nini mkitwanga mnauacha nusu?"

"Shoga, unatuuliza sisi?" Mwanamkuu akamnyooshea mchi. "Kiulize kinu. Shika!"

Sikudhani akashika. Akasimama upande mmoja wa kinu, Binti Sefu upande wa pili, wakaanza kupokezana: mchi huu ukishuka, ule unapanda. Akaanza kuimba. *Umeniacha na nani* ikashuka vizuri na mchi. *Ewe mahabubu wangu mwenye*... pumzi ikamwishia. Michi ikagongana kichwa kwa kichwa, mpunga ukaruka, kuku wakaja mbio.

"Jamali imewashibisha kuku!" akasema Mashavu, na wote wakaangua kicheko.

Akarudia. Safari hii alivuta pumzi ndefu, akafika hadi *isiyo kifani*, mikono ikapotea. Michi ikagongana tena.

"Polepole, mwanangu," akasema Binti Sefu. "Usishindane nacho."

Mara ya tatu hakuwaza maneno. Aliwaza mchi tu. Akatwanga, jasho likimtiririka, akasikia sauti yake kavu ikiimba: *Umeniacha na nani, mlango bila komeo*. Akaimba tena. Na tena. Ghafla akasimama, mchi hewani.

"Nani kaukata?" akauliza Mwanamkuu kwa upole wa kichokozi.

Sikudhani akaushusha mchi polepole. Alikuwa akitazama ndani ya kinu. Pumba zilikuwa zimejitenga, na mchele ulikuwa mweupe. Hakuna neno hata moja katika ule wimbo mfupi lililotoka kitabuni; yote yalikuwa yake mwenyewe.

Hata hivyo hakulala vizuri siku mbili zile. Bila maneno ya vitabu vya mjomba, si watu wangesema binti hajui kitu? Kombo angekuja na maneno ya baba na babu. Yeye angesimama na mlango usio na komeo?

Ijumaa Kombo alitangulia, naye akiwa amewafundisha waitikiaji wale wale. Wimbo wake ulikuwa mrefu na mtamu wa kusikiliza, lakini ubeti wa pili waitikiaji wakasita, wakavuta pumzi katikati ya neno. Manju akainama. Ikaja zamu ya Sikudhani. Wanawake watatu wakamtazama: tuimbe upi? Akafunga ngumi, akainua mkono kama ashikaye mchi, akaushusha.

*Umeniacha na nani,*
*mlango bila komeo.*

Waitikiaji wakadaka. Mara ya pili wakadaka wapiga ngoma. Mara ya tatu uwanja mzima ukaitikia, na bibi mmoja mjane akajifunika uso kwa kanga.

Manju akamwita. "Nani amekufundisha kutunga hivi?"

"Kinu, baba."

Akapewa kiti. Alikikalia miaka thelathini, na hakuna wimbo wake uliofika kwa manju kabla haujatwangiwa debe la mpunga. Watunzi wa miji mingine walipokuja kumwuliza siri yake, aliwapa mchi.

Bibi Chano akarudisha kitambaa chini ya sindano. Tunu alikuwa akizitazama kurasa zake mbili.

"Lakini bibi, siku hizi mpunga unakobolewa mashineni. Mimi nitwangie wapi?"

"Unauona ufagio ule? Ukumbi wote huu mchafu. Fagia, huku ukiimba."

Tunu akaziacha karatasi juu ya cherehani, akauchukua ufagio. Alipofika mlangoni, ukurasa wa pili wote ulikuwa umeshapukutika kama pumba. Mpiga ngoma, bila kuambiwa, akaanza kumfuata kwa vidole juu ya ngozi ya ngoma.

"Ndiyo hivyo," akasema Bibi Chano. "Wimbo haufiki ngomani bila kupita kinuni."