Zumari ya Nyenje na Koo la Kiboko

— Hadithi inabisha hodi.
— Ifungulieni.
— Ina ngoma na zeze.
— Iingie navyo.

Wanyama walikuwa na okestra na kwaya. Siku moja waliimba opera ya harusi, hadithi nzima kwa nyimbo, bila kuigiza, kila mmoja amesimama na daftari lake. Chozi, yule ndege mdogo, alikuwa na wimbo mmoja tu, wa bibi harusi, mwishoni kabisa. Mama yake alikaa mstari wa mbele.

Kiboko alikuwa bwana harusi. Hakutosheka. Akachukua wimbo wa baba mkwe. Akachukua wimbo wa shangazi. Kisha akamgeukia Chozi.

"Na huo wako nitauimba mimi."

"Mjomba, mama amekuja kunisikia."

"Atanisikia mimi. Mimi nasikika mpaka ng'ambo ya mto."

Nyenje, mpiga zumari, aliyasikia hayo. Sasa, okestra ina desturi yake. Kabla ya kila sehemu zumari hulia kwanza, nyiii, na wengine wote hulinganisha sauti zao nayo. Mpiga zumari akipanda, wote hupanda.

"Imba tu, mjomba," akasema Nyenje. "Sauti nitakupa mimi."

Sehemu ya kwanza, nyiii, juu kiasi cha unywele. Okestra ikapanda, Kiboko akapanda. Sehemu ya pili, nyiii, unywele mwingine. Okestra ikapanda, Kiboko akapanda, mishipa ikamtoka shingoni.

"Humu ndani mna joto," akanong'ona.

"Ni umati, mjomba."

Sehemu ya tatu, nyiiiii. Wimbo wa bibi harusi ukafika. Kiboko akafungua kinywa, kipana kama mlango wa ghala. Ikatoka sauti: kwi.

Chozi akasogea mbele, akaimba, ti-ti-liii, maana huko juu ndiko kwao. Mama yake alilia mpaka akaazima kitambaa cha Nyani aliyeketi kando yake.

Kiboko aliketi ameinama. Nyenje akamsogelea.

"Mjomba, kwaya yote iko juu. Chini hakuna mtu. Hebu jaribu: mmmm."

"Mmmm," akasema Kiboko, viti vikatetemeka.

Mpaka leo yuko mstari wa nyuma wa kwaya, anaimba sauti ya chini, na ukimwambia atoke anakasirika.

Tumejifunza nini? Kwamba ni vibaya sana kuwadanganya wakubwa. Ukiwadanganya, danganya kidogo kidogo, na uwaite mjomba.

— Hadithi imevaa viatu.
— Isindikizeni.