Kwa Nini Wanavichala Wanaishi Mlangoni mwa Pua

Kila bi harusi anayeletwa kwenye kambi yetu ya chumvi hucheka akituona. Huona kila mama amefunga vitambaa viwili kiunoni, kimoja kushoto na kimoja kulia, na huwanong'oneza wenzake kwamba wanawake wa huku wamejitundika matambara kama mti wa matambiko. Hatumkatazi kucheka. Tunasubiri mpaka apate mtoto, na mtoto apate kidonda chake cha kwanza. Ndipo tunapomketisha karibu na vyungu na kumweleza. Leo ni zamu yako, binti yangu, wewe na wenzako mliokuja mwaka huu. Sukumeni kuni ndani kidogo, maji ya chumvi yasilale, kisha mnisikilize.

Kabla Mbuga ya Munyu haijakanyagwa na ng'ombe hata mmoja, ngozi ya mtu ilikuwa tupu. Hakuna aliyeishi juu yake. Na hao ambao leo hawaonekani, siku zile walionekana kwa macho. Waliitwa Wanavichala. Kila mmoja alikuwa mviringo kama punje ya ulezi, na rangi yake ilikuwa manjano, kama kiini cha yai. Hawakuwa na miguu wala mkia. Hawakwenda popote kwa hiari yao. Walifika walikopelekwa na upepo, maji au unyayo wa mtu.

Makao yao yalikuwa ukoko mweupe wa chumvi katikati ya mbuga. Pale hata nyasi hufa. Chura akipotea njia akaingia pale, hazipiti siku mbili kabla hajakauka kama kipande cha ngozi kuukuu. Lakini Wanavichala walistawi, kwa maana walizaliwa humo na chumvi ilikuwa maziwa yao. Uzazi wao ulikuwa wa namna yake. Mmoja alijigawa akawa wawili, na wale wawili wakajigawa, huyu kwa upande huu na yule kwa upande ule, na hakuna mtoto aliyeondoka ubavuni mwa mzazi wake. Ndugu zao wengine walipenda kujipanga mstari kama shanga kwenye uzi. Hawa walirundikana tu na kukumbatiana, hata wakafanana na kichala cha zabibu. Upepo wa mbuga ulikuwa mkali, na aliyekaa peke yake alipeperushwa.

Ukafika mwaka wa mvua nyingi. Mbuga yote ikawa ziwa, ukoko ukayeyuka, na Wanavichala wakaelea vichala kwa vichala mpaka maji yalipowatupa kwenye mwinuko. Juu ya mwinuko ule palikuwa na kibanda cha mwanamke kijana aliyeitwa Sechelela. Aliishi na mtoto wake wa kwanza, Chiwanga, ambaye alikuwa hajaanza kutambaa, pamoja na mkwewe, Bibi Masaka. Mume wake alikuwa mbali, akichunga mifugo. Sechelela alikuwa hodari kuliko wakwangua chumvi wote. Chumvi yake ilikuwa nyeupe kuliko ya wenzake, na yeye alijua hivyo. Dosari yake ilikuwa moja tu, alifanya kila jambo mbio.

Mkongwe wa Wanavichala akabisha hodi. Akasema nyumba yao imeyeyuka, na wao hawana miguu ya kutafuta nyingine. Sechelela aliwatazama, wadogo na wenye rangi nzuri, akawaonea huruma. Hata hivyo akataka kuwatania.

"Mgeni siku mbili," akasema. "Ya tatu nitawapa jembe, na mikono ya kulishikia siioni."

"Kazi yetu itakuwa kukaa," Mkongwe akajibu. "Penye mtu aliyeketi, mwizi hapati pa kuketi."

Jibu hilo likampendeza Sechelela. Akawaambia ngozi yake na ya mwanawe itakuwa baraza lao. Wakae makwapani, mikunjoni, na hasa mlangoni mwa pua, ambapo pana joto na unyevu. Lakini ndani ya nyumba wasiingie. Wakakubali. Muda wote huo Bibi Masaka alikuwa akichambua ulezi. Sasa akainua uso na kuuliza jambo moja: mlango ukiachwa wazi, itakuwaje?

"Mlango ukiachwa wazi, bibi," Mkongwe akasema, "sisi hatuna miguu ya kurudi nyuma."

Sechelela akacheka, akasema ngozi yake haijawahi kutoboka tangu azaliwe. Mkwewe hakucheka. Basi ili watoshe barazani, Wanavichala wakajigawa, na kila mgawo ukawa nusu ya uliotangulia. Wakajigawa tena na tena hadi macho yakashindwa kuwafuata. Hawakuonekana tena, ila sauti zao zilisikika bado, nyembamba kama za mbu. Na kweli walikaa kwa adabu. Wageni wengine wasiojulikana walipokuja kutafuta nafasi juu ya ngozi, walikuta mahali pameshikwa, wakapita.

Mvua zikaisha, kiangazi kikaja, ukoko ukarudi. Chiwanga akaanza kutembea, na kwa kuwa mama yake alikuwa hakai, naye hakukaa. Siku moja mawingu ya mvua isiyo na msimu yakajikusanya upande wa mashariki. Mnajua wenyewe maana yake. Mvua ikinyesha kabla udongo haujakwanguliwa, chumvi iliyopanda kwa wiki nzima inarudi ardhini. Sechelela alikuwa akikwangua kwa nguvu zake zote mtoto alipolia. Chiwanga alikuwa amekanyaga tawi la mgunga, akaanguka juu yake, na mwiba ukamwingia pajani.

Mama yake akauchomoa. Tone la damu likatoka. Akalipangusa kwa kidole, kidole kilekile alichomfutia kamasi muda mfupi uliopita, akamwambia mwanamume halii kwa mwiba mmoja, akarudi kukwangua. Maji ya kuoshea kidonda yalikuwa kwenye kibuyu hatua kumi kutoka pale. Hakwenda.

Wanavichala waliokuwa kwenye kidole kile wakajikuta mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Wakaingia. Ndani palikuwa na joto na chakula kingi kuliko walivyowahi kuota. Lakini kila nyumba ina walinzi wake, na walinzi weupe wa damu wakaja mbio kuwatoa. Wanavichala wakafanya kama wafanyavyo wafugaji penye simba. Waliigandisha damu ikawazunguka, wakajijengea boma, wakajifungia. Walinzi wakazingira boma lile, na vita vikaanza. Siku ya tatu paja la Chiwanga lilikuwa na uvimbe mwekundu, wa moto kama jiwe la jikoni.

Sasa hapa ndipo Sechelela alipokosea kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelikosea. Sisi watu wa chumvi tunaiamini chumvi. Samaki wetu haozi kwa chumvi, ngozi ya mbuzi haiozi kwa chumvi, na hata nyama ya shughuli tunaikabidhi kwa chumvi. Akasema moyoni kwamba kinachoozesha paja la mwanawe hakitaishinda. Akachukua chumvi yake nyeupe kuliko zote, akaisugua juu ya uvimbe. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Na kutoka ndani ya jipu ikasikika sauti nyembamba ya Mkongwe, wala haikuwa na kejeli.

"Ahsante, mama. Tulikuwa tumekumbuka kwetu."

Sechelela akaingiwa na hofu, na hofu ikamzidishia haraka. Jipu lilikuwa bado gumu, halijaiva. Akalishika kwa vidole viwili akalikamua. Boma likapasuka, lakini likapasukia ndani. Waliokuwa wamejifungia wakasambaa, na kabla jua halijaelekea magharibi kukawa na uvimbe wa pili juu ya ule wa kwanza. Mwili wa Chiwanga ukachemka. Akakataa ziwa, akakataa uji, akamtazama mama yake kama mtu anayemtazama mgeni.

Bibi Masaka alikuwa amekwenda msibani siku nne. Aliporudi na kumwona mjukuu wake hakugomba. Alimfunua, akatazama, akauliza ni nani aliyebomoa boma kwa upande wa nyumba. Sechelela akasema ni yeye. Na ni nani aliyewaletea chumvi? Ni yeye pia.

"Basi sasa utafanya kazi ambayo hujawahi kuifanya," mkwewe akamwambia. "Utangoja."

Wakanawa mikono kwa majivu na maji, wakanawa tena. Bibi Masaka akachemsha maji matupu, akachovya kitambaa safi, akakiacha kipoe mpaka mkono uweze kukivumilia, akakilaza juu ya jipu. Kikipoa, alikirudisha kwenye maji yanayochemka. Ng'ombe wakiwa bomani, alisema, huwatoi kwa kuvunja miba ya ua; unangoja lango lifunguliwe upande wa nje. Mara tatu mikono ya Sechelela ilinyanyuka yenyewe kwenda kwenye jipu, na mara tatu mkwewe aliitazama tu ikarudi mapajani. Walimnywesha mtoto maji kidogo kidogo kwa kijiko. Nje, mawingu mengine yalikusanyika juu ya udongo usiokwanguliwa, mvua ikanyesha, na Sechelela hakugeuza hata kichwa.

Siku ya pili jipu likalainika, likaweka kilele cha manjano, likafunguka lenyewe. Walitoka kwanza walinzi weupe waliokufa vitani, na ndio hao tunaowaita usaha. Wakatoka Wanavichala, wengi sana. Mwisho kikatoka kiini kigumu, ambacho ndicho kilikuwa nguzo ya boma. Jipu la pili likafuata jioni yake. Chiwanga akalala usingizi wa kweli, na alipoamka akanyoosha mkono kwenye uji, akaukataa mpaka upoe.

Sechelela akatwaa jivu na mchanga, akataka kujisugua mwili mzima asibaki hata mmoja wao. Bibi Masaka akamzuia. Akamwambia atazame mkono wake mwingine: je, waliokaa pale wamefanya kosa gani? Baraza likibaki tupu, watakuja wengine ambao hata hodi hawajui. Kisha akamuuliza Mkongwe, aliyekuwa amekaa juu ya kitambaa kilichochafuka, kama ana la kujitetea.

"Nilisema," Mkongwe akajibu. "Tulisema siku ile ya kwanza."

Sechelela akalimwaga jivu chini. Kisha akasema polepole, na wanasema hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kulisema bila haraka, "Mlango niliuacha mimi."

Ndipo Bibi Masaka alipotoa hukumu, nayo ilizigusa pande zote mbili. Wanavichala walirudishwa barazani, wakaachiwa vichala vyao na rangi yao ya manjano, lakini walinyang'anywa sauti. Jipu linapodunda usiku na mchana ni wao wanaojaribu kusema. Nao watu wakapewa kazi ya kufunga mlango: kuosha kila kidonda, hata cha mwiba, na kukifunika. Sechelela akaichana kanga yake katikati. Kipande kimoja akakifunga kushoto kwa ajili ya pua, kingine kulia kwa ajili ya kidonda, ili mkono wenye haraka usiweze kusahau.

Kuanzia kiangazi kile hadi hiki tunachoketi sasa, kitambaa cha pua hakijawahi kugusa kidonda katika kambi hii. Ndiyo maana pia hatukamui jipu bichi, wala hatulisugui chumvi. Mtoto akipata homa, au wekundu ukitambaa, tunambeba mpaka zahanati, kwa sababu si kila nyumba ina Bibi Masaka. Na Wanavichala wapo. Wapo puani mwangu ninapozungumza, na puani mwako, wamekumbatiana, hawana ubaya nasi.

Mpe mwenzako mtoto amshike, binti yangu, kidonda chake tumeshakiosha. Lete hiyo kanga yako mpya. Najua ni ya harusi. Shika upindo huo, nami nishike huu, tuivute pamoja.