Mfuo wa Kisima cha Vidato Mia

Nipeni masikio, nami niwape ulimi. Katika mji wa Zabarajadi, ulio nyuma ya milima saba ya chumvi, alitawala Sultani Ghalibu bin Mansabu, na mali yake ilikuwa haina kifani, na farasi wake walioshwa kwa maji ya waridi, na jeshi lake likianza kupita asubuhi lilimalizika alasiri. Lakini juu ya neema zote hizo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na tabibu, nao ni wivu. Akisikia watu wanaisifu sauti ya mwadhini, chakula hakimshuki. Wakiusifu mwezi wa kumi na nne, anafunga dirisha.

Naye alirithi kwa babake pete ya akiki, na ndani ya pete alifungwa jini aitwaye Dahamani, mwenye umri wa miaka elfu tatu, aliyewekewa sharti la kumtumikia mwenye pete kwa amri tatu tu, kisha aachiliwe. Mtu mwenye akili angeziweka amri hizo kwa siku ya dhiki. Ghalibu, ya kwanza aliitumia kuufupisha mnara wa Sultani jirani kwa dhiraa tatu, kwa kuwa wasafiri waliuona kabla ya kuuona wake. Mji mzima uliijua habari hiyo, na mji mzima ulicheka, ila majumbani, milango ikiwa imefungwa.

Ikawa Sultani akamposa Mwana Jauhari, binti wa marehemu mnakili wa vitabu, mwanamwali aliyejulikana kwa hati yake nzuri na ulimi wake usiopindapinda. Alimpenda kweli, hilo tusimnyime. Na Jauhari naye akamridhia, kwa kuwa siku moja alimwona akicheka peke yake dirishani, akasema moyoni kwamba mtu huyu akipona wivu wake atakuwa mtu mzuri.

Na desturi ya Zabarajadi ilikuwa hii: kabla ya ndoa, bibi harusi huketi juu ya mkeka mpya nyuma ya pazia, na kadhi humwuliza mbele ya baraza, "Mitume na manabii tumewatenga, hao hawashindanishwi na mtu. Katika waliosalia, tangu dunia kuumbwa, ni nani mbora wa watu?" Na yeyote atakayetajwa, bwana harusi sharti ampelekee salamu na zawadi, ndipo ndoa ifungwe. Wengi huwataja baba zao. Wajanja humtaja bwana harusi mwenyewe, wakamwokolea safari.

Siku ya mkeka baraza lilifurika, na wakubwa wakaanza kujadiliana hata kabla ya bibi harusi kuulizwa. Waziri akasema, "Mbora wa watu ni yule aliyeteka nchi arubaini bila kushuka farasi." Tabibu akamkatiza, "La, Waziri, huyo alivunja mifupa ya watu; mbora ni yule wa kwanza kuunga mfupa." Mnajimu akadai ni aliyezipa nyota majina, ama sivyo misafara yote ingepotelea jangwani. Mpishi mkuu, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema ni yule wa kwanza kutia chumvi chunguni. Wakabishana hata vilemba vikalegea, kisha kila mmoja akakumbuka ameketi mbele ya nani, akaongeza upesi, "Lakini wote hao hawafikii ukucha wa Bwana wetu Ghalibu." Sultani akatabasamu, akalitazama pazia, akangoja kutajwa.

Kadhi akauliza. Mwana Jauhari akajibu, "Mbora wa watu kwangu ni yule aliyechonga mfuo katika ukuta wa Kisima cha Vidato Mia."

Watu wakatazamana. Kadhi akasema, "Jina lake nani, mwanangu?"

"Silijui, Sheikh. Kisima kile ni kirefu na kina giza, na mtu huyo alichonga ukutani mfuo wa kushika kwa mkono, kutoka juu mpaka majini, na kila kidato cha kumi akaweka alama ya kuhesabia. Mama yangu ni kipofu tangu ujana wake. Baba alipofariki, mama alishuka na kupanda kisima kile kila asubuhi, mtungi kichwani na vidole ndani ya mfuo, na kwa maji hayo akanilea. Mtu huyo hakutujua, wala hakuandika jina lake."

Maneno hayo yalimwingia Sultani kama mwiba wa samaki kooni. Akatoka barazani bila kuaga, akajifungia chumbani, akaisugua pete, na jini Dahamani akasimama mbele yake, kichwa kikigusa dari.

"Niletee mchonga mfuo!" akafoka Ghalibu. "Nataka kuona ana uzuri gani."

Jini akainama. "Ewe Bwana wangu mwenye enzi, amri hiyo haimo katika uwezo wangu, wala sitaihesabu. Mtu huyo alikufa miaka mia tatu iliyopita, na hata mfupa wake mmoja haukusalia."

Hapo mtu mwingine angefarijika. Ghalibu alizidi kuungua, kwa kuwa hasimu aliye hai unaweza kumfukuza mjini, au kumnyang'anya kazi, lakini maiti utamfanya nini? Akatembea huku na huku, akimwonea wivu mtu asiye na jina wala kaburi, mwisho akasema, "Basi uzibe mfuo wake. Ukuta uwe laini, kidole kisijue kwamba palikuwa na kitu."

"Bwana wangu, tafakari."

"Nimeamuru!"

Jini akafumba jicho moja, akalifumbua, na mfuo ukawa haupo.

Asubuhi yake Bi Rehani, mamake Jauhari, alishuka kisimani kama kawaida, akapapasa ukuta, akakuta laini. Akadhani amepapasa vibaya. Kwenye kidato cha arubaini akaserereka, na mtungi ukavunjika, na mguu wake ukavunjika pia, na wachotaji wakampandisha juu akiwa anaugua na kuuliza, "Jamani, ukuta wangu umekwenda wapi?"

Habari zilimkuta Sultani mezani, na mara ikaja barua ya Jauhari, kwa ile hati yake nzuri: "Mji mzima unaijua pete yako. Kwa mnara nilicheka. Kwa mguu wa mama yangu sicheki. Mkeka nimeukunja."

Ghalibu akaisoma mara tatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajichukia. Akamwita jini, akamwambia, "Rudisha mfuo."

"Ewe Bwana wangu, kazi ya jini haitanguliwi na jini," akajibu Dahamani. "Wala na waashi wako; tindo zao zitateleza. Mkono ulioamuru ndio utakaochonga. Nawe usiitumie bure amri yako ya mwisho."

Basi Sultani Ghalibu akavaa kanzu ya kaniki, akashika nyundo na tindo, akashuka kisimani. Alichonga kila siku tangu alfajiri hadi adhuhuri, miezi kumi na mmoja, mikono ikatoka malengelenge, kisha damu, kisha sugu. Gizani hakuna aliyemtambua, na wachotaji wakipita nyuma yake walimwombea rehema mchongaji wa zamani na kumlaani Sultani, na yeye akigonga. Wala msidhani wivu ulimtoka. Kila inchi alijiuliza, je, yule maiti aliweza kunyoosha namna hii?

Alipofika kidato cha arubaini, akasikia mkongojo nyuma yake. Mkono mkavu ukapita juu ya mkono wake, ukapapasa mfuo mpya.

"Umeweka juu mno, fundi," akasema Bi Rehani. "Huku hushuka vikongwe. Shusha kiganja kimoja."

"Nimesikia, mama."

Bi Rehani akanusa. "Tangu lini waashi wakanukia udi wa jumba la Sultani?"

Ghalibu akapiga magoti pale pale kidatoni. "Nisamehe, mama yangu. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Mguu wangu bado unauma, kwa hiyo msamaha utangoja. Shusha kiganja kimoja."

Akashusha, akaurudia mfuo wote wa juu. Na siku alipokata alama ya mwisho, akasikia wachotaji wakishangilia, "Mfuo umerudi! Subhanallah, kazi ya wazee ilikuwa kazi!" Sifa zote zikaenda kwa maiti. Wivu ukampanda hata akaona kizunguzungu, na pale kidato cha mwisho, mkabala na maji, akaweka tindo ukutani ili aandike: Ghalibu. Kabla ya kupiga akaisugua pete.

"Dahamani, amri ya tatu. Niambie mtu yule alikuwa nani."

Jini akacheka mpaka maji yakatetemeka. "Aliitwa Mbaruku. Nduguye ndiye aliyechimba kisima hiki, na mji mzima ukamsifu nduguye, na Mbaruku hakulala kwa wivu. Akachonga mfuo ili naye atajwe. Hawakumtaja. Basi akashuka hapa ulipo, akaweka tindo ukutani aandike jina lake, kama ulivyoweka wewe. Kisha akaiondoa. Kwa nini, sijui; mimi ni jini, mambo yenu yananishinda. Kwaheri, Bwana wangu." Na pete ikapasuka vipande viwili.

Ghalibu akabaki ameinua nyundo. Kutoka juu gizani akasikia mkongojo wa Bi Rehani, na kiganja chake kikiteleza ndani ya mfuo, na sauti yake ikihesabu polepole, sitini, sabini. Nyundo ikilia ghafla, ajuza angeshtuka. Akaishusha chini taratibu, akangoja achote maji apande. Alipokwisha kupanda, Sultani aliona hamu ya kuandika imemwisha.

Mkeka ukakunjuliwa upya, kwa idhini ya Bi Rehani, aliyemweleza bintiye ni nani aliyeurudisha mfuo. Kadhi akauliza tena, na baraza lote likamtazama Sultani, kwa kuwa kila mtu alijua safari hii atatajwa nani.

Mwana Jauhari akasema, "Ni yule yule."

Baraza likaguna. Ghalibu akasimama. "Jina lake Mbaruku," akasema, "naye alikuwa na wivu kama mimi. Salamu nimempelekea, na zawadi yake ni kwamba jina langu halipo ukutani." Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Jauhari akicheka, na ndoa ikafungwa, na karamu ikadumu siku arubaini, na misafara ikaanza kupitia Zabarajadi kwa ajili ya kisima kile, na mji ukatajirika kuliko ulivyotajirika kwa vita.

Funzo lake ni kwamba wivu hautoki mwilini, lakini unaweza kupewa nyundo ukafanya kazi. Nasikia Ghalibu alipozeeka na macho yake kuzimika, alishuka kisimani mwenyewe, vidole ndani ya mfuo, na siku moja wachotaji wakawa wanabishana ni nani aliyeuchonga. Huyu akasema Mbaruku, huyu akasema jini. Mzee akapita katikati yao. Alinyamaza, jamani, lakini kwa taabu kubwa.