Nafasi Moja Kivulini, Soko la Kiwambo

Hapo zamani, wakati jua lilikuwa bado linaniogopa, likitaka kuchomoza linapiga hodi kwangu kwanza, palikuwa na soko linaitwa Kiwambo. Msicheke. Mimi shule niliachia darasa la nne kwa sababu walimu waliishiwa vya kunifundisha. Nikisema sikilizeni, sikilizeni.

Soko hilo lilikuwa na paa nusu. Nusu kivuli, nusu jua. Sasa kivulini akae nani? Wanawake wa pale walikuwa na desturi yao: kila mwaka wauza nyanya na wauza samaki wanacheza rede. Mmoja anakaa katikati anajaza chupa mchanga, wapinzani wawili wanamtupia mpira wa matambara, huyu huku, huyu kule. Mpira ukimgusa, katoka. Upande ukiishiwa watu, umefungwa. Chupa ikijaa, umeshinda. Na walioshinda wanakaa kivulini mwaka mzima.

Wauza nyanya walikuwa wamefungwa mpaka wamesahau kivuli kinafananaje. Jua lile! Nyanya zinachemka mezani, zinajiunga na vitunguu zenyewe. Mteja anakuja na ugali wake mkononi, anachovya, anaondoka zake. Hasara tupu.

Msimu ulipoisha, mwenyekiti wao, Bi Havijawa, akatangaza dirisha la usajili limefunguliwa.

"Kukwepa tunajua," akasema. "Mrushaji ndiye hatuna. Mwanakombo wetu mkono umechoka, anarusha mpira kama anampa mtoto pipi."

"Haya, mama," Mwanakombo akaguna. "Leteni huyo mwenye mzinga, mimi nikae pembeni."

Wakamleta mmoja kutoka milimani. Akajaribiwa. Mpira ukapasua mawingu, mvua ikanyesha wiki nzima, ila mtu wa katikati hakuguswa hata pindo la kanga. Wakamrudisha kwao na mwavuli.

Mwisho macho yakatua kwa Siwema. Siwema alikuwa muuza samaki, tena wa benchi, kwa sababu warushaji wa kule wote ni mashangazi wa mwenyekiti wa huko. Lakini mkono! Siku moja kunguru alimwibia dagaa, Siwema akamtupia mpira. Kunguru akaangukia mezani kashanyonyoka, kashapasuliwa, anasubiri chumvi tu. Chumvi nilileta mimi.

"Mnamtaka?" wauza samaki wakasema. "Tupeni Tabu."

Jamani, Tabu! Mkwepaji wa wauza nyanya huyo. Mvua ikinyesha anapita kati ya matone, anafika kwake mkavu.

Bi Havijawa akamshika mkono. "Nenda, mwanangu, kauze samaki. Tukishinda, nafasi yako kivulini ipo. Naapa."

Tabu akalia, akajitwisha beseni la vibua. Harufu ikamfuata mpaka kitandani. Mumewe akahamia chumba cha nje, paka wa mtaa mzima wakahamia cha ndani.

Siku ya mechi ikafika. Wauza samaki wakabaki na mtu mmoja tu katikati: Tabu. Mnadhani aliwaonea huruma wenzake wa zamani? Thubutu! Siwema anarusha, Tabu hayupo. Siwema anarusha, Tabu hayupo. Mchanga ukafika shingo ya chupa.

Hapo Mwanakombo, aliyekaa pembeni, akapiga ukelele: "Tabu weee! Mumeo huyo, anaingia kwa mama ntilie!"

Tabu akageuza shingo. Kidogo tu. Siwema akaachia. Puu! Mgongoni.

Vigelegele vikaezua mabati ya wilaya tatu. Na ubaya, upepo wake ukang'oa na bati moja la soko. Wauza nyanya wakahamia kivulini, wakajibana, ikabaki nafasi moja. Meza zilizobaki juani zikawa tatu.

"Nafasi yangu," Siwema akasema. "Nani alimtoa Tabu? Mkono huu. Na kule kwetu nimeshafukuzwa."

"Mkono huo ulikuwa unapiga hewa, shoga," Mwanakombo akasema. "Mdomo wangu ndio uliomsimamisha. Na nafasi ya timuni alikupisha nani kama si mimi? Niondoke tena?"

"Mdomo haurushi mpira, dada!"

Tabu, aliyekwisha rudi kwenye nyanya zake, akatua meza yake. "Bila mimi kwenda, wewe Siwema ungekuja? Nilitolewa kama mbuzi. Nimenuka vibua msimu mzima, nikacheza kwa haki, mechi sikuuza. Bi Havijawa, uliapa."

"Aliapa mkishinda pamoja," Siwema akamkata. "Wewe ulitaka tushinde? Chupa si ilikuwa imefika shingoni?"

Bi Havijawa akamtazama huyu, akamtazama yule. Jua likapanda, nyanya za meza zote tatu zikaanza kutoa mvuke.

Haya, nyie mnaonikodolea macho: mngekuwa nyie Bi Havijawa, nafasi ile mngempa nani? Aliyerusha, aliyetolewa, au aliyepiga ukelele?