Kivutio Kipya cha Bustani ya Farasi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango na makufuli kama sisi, farasi walifungua bustani yao wenyewe, na kila sikukuu wanyama wote wakawa wanakwenda kutembea huko.

Kulikuwa na vivutio vitatu. Cha kwanza, farasi mweupe aliyecheza chakacha kwa miguu minne. Cha pili, chumba cha viatu vya chuma vya mababu zao. Wageni waliingia, wakatazama, wakasema "ahaa," wakatoka. Cha tatu, gari la kuwazungusha wageni. Lilivutwa na Bwana Shoti, farasi msimamizi wa bustani, ambaye mgongo ulishaanza kumuuma.

Nyuma ya banda la farasi aliishi Mama Pimbi na mwanawe mmoja, Tunu, bado ananyonya. Kazi ya mama ilikuwa kusugua lijamu, kile chuma wanachotiwa farasi mdomoni. Siku moja anasugua, kwaru-kwaru-kwaru, mara mlango, pwaa! Fisi huyo.

"Hodi," akasema, naye keshaingia.

"Karibu," akajibu Mama Pimbi, maana adabu ni adabu, lakini mtoto yuko mgongoni, dirisha hakuna, na mlango umezibwa na Fisi.

"Nimezunguka bustani yote," akasema Fisi. "Wanacheza, wanakimbia, hakuna hata mmoja anayeliwa. Halafu nikasikia harufu ya maziwa. Nipe hicho kitoto."

"Hiki? Hiki mifupa tu, Bwana Fisi."

"Mifupa ndiyo naipenda. Lete, we kibushuti! Hata mkia huna. Au siku ya kugawiwa mikia ulimtuma jirani akuletee?"

Mama Pimbi akamgeukia. Maneno yakamtoka mbio:

"Jamani, Bwana Fisi, kumbe ndiye wewe, wenzio wanakutafuta tangu asubuhi, mimi hapa nakusugulia pambo lako mpaka vidole vinaniuma, wewe unazunguka tu, wageni watachoka waondoke!"

"Wageni gani?"

"Wanaosubiri kivutio kipya! Wameshawazoea farasi. Leo kivutio ni wewe."

Fisi akajitazama kifua. Akanyoosha shingo.

"Mimi, kivutio?"

"Na nani mwingine? Kwa mabega hayo?"

"Hata mama mkwe wangu hajawahi kuniita hivyo," akasema Fisi. "Basi nimle mtoto kwanza, kisha nitoke."

"Utoke na damu mdomoni? Mbele ya Tembo na mkewe? Vaa pambo lako kwanza, watu wakuone. Haya, achama."

"Aaaa," Fisi akaachama.

Kacha! Lijamu ikaingia. Ukanda ukapita nyuma ya masikio, Mama Pimbi akaukaza hadi tundu la mwisho, akashika hatamu, akamtoa nje.

"Bwana Shoti! Kivutio kipya hiki hapa!"

Bwana Shoti akamtazama Fisi. Akalitazama gari. Akamfunga kwenye gari.

Tembo akapanda. Mkewe akapanda. Wakapanda watoto wanne, bibi yao, na kapu la ndizi. Nyiiii! gari likalia.

"Hihi hini?" akauliza Fisi. Alitaka kusema "hiki nini," lakini chuma kilikuwa juu ya ulimi.

"Gari," akasema Mama Pimbi.

"Hihi ni hihuhio!"

"Ndiyo, baba, wewe ni kivutio. Basi vuta. Kivutio kisichovuta ni kivutio gani?"

Fisi akajaribu kumuuma. Akauma chuma. Akajaribu kukimbia, gari likamfuata, na Tembo akapiga makofi, akamwambia mkewe kwamba huyu ana bidii kuliko yule wa zamani.

Bwana Shoti akalala chini, akanyoosha mgongo, ko-ko-ko.

Mama Pimbi hakungoja. Alikaza kanga, akahakikisha Tunu anapumua, akapita langoni bila kugeuka, akaenda moja kwa moja mpaka alipopata jabali lenye ufa unaowatosha yeye na mwanawe, basi.

Shikeni hili, wanangu: anayeachamia sifa hufungwa kinywa.